Mtoto asiyeona akipata 0 kwenye kudaka mpira, tumempima nini?

Mwl_Uwanja

Wakuu, salaam kwenu.

Nafundisha elimu ya viungo katika shule ambayo wanaoona na wasioona wanasoma pamoja. Tumeagizwa kupima stadi za mwendo za watoto wote wa madarasa ya chini, na chombo tulichopewa ni TGMD-3. Kwa asiyekijua: ni kipimo cha Dale Ulrich wa Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 1985, la pili 2000, na hili ndilo la tatu. Ni cha watoto wa miaka 3 hadi 10, kina stadi 13. Sita ni za kusogea: kukimbia, kwenda mbio za farasi, kuruka kwa mguu mmoja, kurukaruka kwa kupokezana miguu, kuruka mbele kwa miguu yote miwili, na kwenda kiubavu. Saba ni za mpira: kupiga kwa gongo mpira uliotulia, kupiga kwa kibao mpira unaoudundisha mwenyewe, kudundisha, kudaka, kupiga teke, kurusha kupitia juu ya bega na kurusha kwa chini. Kila stadi ina vigezo vichache. Mtoto akitimiza kigezo unaandika 1, asipotimiza 0, na kila stadi inapimwa mara mbili. Aliyepata vyote ana 100: 46 za kusogea na 54 za mpira.

Sasa nina watoto watatu wanaoniumiza kichwa. Wa kwanza hajaona tangu azaliwe. Wa pili ana ualbino, anaona kwa shida. Wa tatu, daktari amesema macho yenyewe ni mazima, tatizo liko kwenye ubongo, hautafsiri vizuri kinachoonekana. Utaratibu unasema mwonyeshe mtoto kwa vitendo, ajaribu mara moja, kisha umpime. Huyu wa kwanza nimwonyesheje? Nikifuata mwongozo neno kwa neno, majibu nayajua kabla sijaingia uwanjani: kwenye kudaka ni 0, na pengine kwenye nyingine kadhaa. Ofisi nayo inataka namba moja kwa kila mtoto, basi.

Wenye uzoefu nisaidieni. Nibadilishe kipimo, au nikiache kilivyo niandike sifuri zangu?

Takwimu_Kavu

Usibadilishe. Kipimo sanifu kina maana kwa sababu kila mtoto anapewa maelekezo yaleyale, mpira uleule, umbali uleule. Ukibadilisha kimoja tu, umeshatunga kipimo chako mwenyewe, na jedwali la viwango nyuma ya mwongozo halikuhusu tena. Kama hakifai kwa mtoto fulani, usimpime nacho. Kukikunja mpaka kimwenee ndiyo mbaya zaidi, maana utapata namba inayofanana na namba halali lakini siyo.

msomaji_tu

Nimekaa hapa pembeni. Uzi huu utakuwa mtamu.

Tiba_Viungo

Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, watoto ndio kazi yangu ya kila siku. Takwimu_Kavu yuko sahihi kuhusu jedwali, ila amejibu swali moja kati ya mawili uliyoyachanganya.

Swali la kwanza: mtoto huyu yuko wapi akilinganishwa na wenzake wa umri wake? Swali la pili: anaweza nini, hawezi nini, nimfundishe nini kesho? La kwanza linahitaji jedwali. La pili linahitaji vigezo tu, na hapo ndipo TGMD ilipo na faida kubwa kwako, kwa sababu inaangalia namna mwili unavyofanya kazi. Haijali sana mpira umefika wapi.

Chukua kurusha kupitia juu ya bega. Vigezo ni vinne: mkono unaanza kwa kushuka na kwenda nyuma, kiuno na bega vinageuka mpaka upande usiorusha unaelekea ukutani, mguu wa upande wa pili wa mkono unaorusha unatangulia, na baada ya kuachia mpira mkono unaendelea na kukatiza mbele ya mwili. Hebu niambie, kati ya hivyo vinne, kipi kinahitaji jicho? Hakuna hata kimoja. Mtoto asiyeona kabisa anaweza kupata alama zote za kurusha. Akipata 0 pale, amekosa kufundishwa, au hakuelewa ulichotaka afanye.

Sasa njoo kwenye kudaka. Mikono iwe mbele ya mwili, viwiko vimekunjwa: sawa, hilo anaweza. Mikono inyooke kuupokea mpira unapofika: anajuaje unafika? Mpira ukamatwe kwa viganja peke yake: vivyo hivyo. Mpira unatoka kwa mrushaji aliye mita nne na nusu hivi, unapita hewani kimya. Vigezo viwili kati ya vitatu vinapima macho. Kwa hiyo sifuri ya kurusha na sifuri ya kudaka ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukizijumlisha kwenye namba moja umezika habari yote uliyoipata uwanjani.

Kuhusu uhalali: mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Suzanne Houwen walichapisha uchunguzi wa toleo la pili la kipimo hiki kwa watoto 75 wenye ulemavu wa kuona, wa miaka 6 hadi 12, wakakuta kinaaminika kwa kundi hilo. Baadaye toleo la tatu nalo likachunguzwa kwa watoto wa aina hiyo huko Marekani. Kwa hiyo si kweli kwamba hakiwafai. Kinawafaa, mradi maelekezo yawafikie.

Takwimu_Kavu

"Mradi maelekezo yawafikie." Hapo ndipo kila mtu anaingiza ya kwake. Wewe utamshika mkono, mwingine atamweleza kwa maneno, wa tatu atamfundisha nusu saa halafu aseme amempima. Namba zao zitalinganishwaje?

Tiba_Viungo

Ndiyo maana unaandika ulichofanya, tena kwa mpangilio uleule kwa kila mtoto. Mimi nafuata ngazi tatu.

Kwanza maneno. Na maneno yenyewe yawe ya mwili: "kunja magoti, peleka mikono yote nyuma, kisha rusha mikono mbele na juu huku ukiruka, utue kwa miguu yote pamoja." Ukisema "ruka hivi" umesema na hewa.

Yakishindikana, mtoto anamgusa mwonyeshaji. Mwenzake wa kimo chake anasimama, anakunja magoti, anapeleka mikono nyuma, na huyu anapapasa bega, kiwiko, goti, anasikia kwa viganja mwili unavyokaa. Wengi wanaelewa papo hapo.

Yakishindikana tena, ndipo mpimaji anauongoza mwili wa mtoto kwa mikono yake. Hii ni ya mwisho kwa sababu mtoto anakuwa kama anabebwa, hajifunzi sana. Na kabla ya kumgusa unamwambia unagusa wapi na kwa nini, unasubiri akubali. Mkono unaotokea gizani bila taarifa unamshtua mtu yeyote.

Yote haya yanafanyika kabla ya majaribio mawili yanayohesabiwa. Jaribio likianza, mikono yako nyuma, mdomo umefungwa.

FimboNyeupe

Naomba kuongea kama mtu niliyepimwa. Sijaona tangu kuzaliwa, sasa ni mtu mzima, nakimbia kwa kufungana kamba na mwenzangu, tena si polepole.

Utotoni kuna shule moja nilipimwa mbio. Nikaambiwa: "Kimbia mpaka kwenye koni." Koni sikuijua. Uwanja sikuujua. Sikujua mbele kuna ukuta, shimo au watoto. Nikaenda kwa hatua fupi, nyayo bapa, miguu imetanuka, mikono mbele. Karatasi ikasema nina udhaifu wa miguu, na nikawekewa mazoezi ya kuimarisha misuli. Misuli yangu haikuwa na shida yoyote, nyumbani nilikuwa napanda miti.

Mtu mwenye akili timamu akifungwa kitambaa machoni na kuambiwa kimbia, atakimbia vilevile. Mwendo ule ni wa tahadhari. Kama mpimaji hajampa mtoto nafasi ya kuujua uwanja, anachopima ni imani ya mtoto juu ya uwanja ule.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya karatasi, tembea naye mwanzo hadi mwisho. Aguse ukuta, aguse hizo koni, ahesabu hatua, ajue nyuma ya mstari wa mwisho kuna nafasi ya kutosha kusimama. Rudini. Mwache arudi peke yake. Kisha ndiyo umwambie akimbie.

Mwl_Uwanja

FimboNyeupe, asante sana kaka. Hili limenigusa. Swali la haraka: kwenye kukimbia nimtolee kamba ya kushika, au mtu akimbie naye?

Kengele12

Hapo niingie mimi, nafundisha goalball, mchezo wa wasioona wa kuviringisha mpira golini. Kwa wasioujua mchezo: ulianza 1946, Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani waliubuni kwa ajili ya wanajeshi waliopoteza macho vitani. Mpira una kengele ndani, una uzito wa kilo 1.25, na wachezaji wote wanavaa kitambaa cha macho hata kama wanaona kidogo. Umo kwenye Paralimpiki tangu 1976.

Kwenye swali lako: kila msaada una gharama yake kwenye vigezo. Kigezo cha kwanza cha kukimbia ni mikono kupishana na miguu, viwiko vimekunjwa. Mtoto akishika kamba iliyotandazwa, mkono mmoja umeshafungwa, hauchezi. Kigezo kimekufa kwa sababu yako. Akikimbia na kiongozi wamefungana kamba fupi, mkono unacheza kidogo lakini unafuata mdundo wa kiongozi. Mwito unaacha mikono yote huru: mtu anasimama nyuma ya mstari wa mwisho, katikati kabisa, anaita au anapiga makofi bila kukata.

Mimi nampa mtoto achague, kwa sababu msaada anaouamini ndio utakaomfanya akimbie kweli. Akichagua kamba, kigezo cha mikono nakiandikia "hakikupimika". Siandiki 0.

Mambo mengine ya sauti ambayo wanaoona huwa wanayasahau:

Aite mmoja tu. Nimeshaona watu wanne wanamshangilia mtoto kutoka pande nne, halafu wanashangaa anakwenda mrama.

Mwitaji asisimame kando ya shabaha. Mtoto anarusha panapotoka sauti, kwa hiyo sauti itoke nyuma ya shabaha yenyewe.

Ukumbi wenye mwangwi ni adui. Ukipata nje penye utulivu bila upepo, nenda nje.

Na mpira wa kengele unalia ukiwa unatembea tu. Ukisimama umepotea. Kwa hiyo kwenye kupiga teke mpira uliotulia kengele haikusaidii kitu. Mwache mtoto aupapase kwa mguu au mkono kwanza, arudi nyuma hatua anazozijua, ndipo aje apige.

MamaPacha

Samahanini, mimi si mtaalamu, ni mzazi. Nina mapacha waliozaliwa kabla ya wakati, mmoja anaona, mmoja retina zake (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ziliharibika akiwa bado mdogo kabisa. Yule asiyeona alichelewa sana kutambaa na kutembea. Alikaa vizuri tu, na ukimsimamisha alisimama. Lakini kusogea, wapi! Kila nikienda kliniki namba zake ziko chini, nami narudi nyumbani nimevunjika moyo. Je, hii ina maana mwili wake una tatizo jingine?

Tiba_Viungo

Dada, pole, na hongera kwa malezi. Ulichokieleza kinafahamika miaka mingi. Selma Fraiberg na wenzake waliwafuatilia watoto wachanga wasioona huko Michigan, kazi yao ikatoka 1977. Walikuta hivyohivyo: kukaa na kusimama kwa kushikiliwa kulikuja karibu na wakati wa kawaida, lakini vitendo vya mtoto kujisogeza mwenyewe, kutambaa na kutembea peke yake, vilichelewa sana.

Sababu ni kwamba mtoto anayeona anavutwa na kitu alichokiona kule mbele, anataka kukifikia. Asiyeona hana kinachomvuta mpaka ajue kwamba sauti anayoisikia inatoka kwenye kitu kinachoshikika. Uelewa huo unachelewa. Watoto wale walianza kunyoosha mkono kufuata sauti peke yake mwaka wa kwanza ukiwa unaelekea mwisho. Kwa hiyo kuchelewa pekee hakuthibitishi kwamba misuli au mishipa ina hitilafu.

Ila sikwambii usiangalie. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati wanaweza kuwa na mambo mengine pia. Misuli ikiwa migumu au legelege kupita kiasi, upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine, au akipoteza kitu alichokuwa ameshakiweza, mpeleke haraka, usisubiri.

MamaPacha

Asante, hapo nimeshusha pumzi. Na mwacheni aanguke kidogo? Bibi yao haruhusu hata ashuke kitandani peke yake.

FimboNyeupe

Mama, aanguke. Mpe salamu bibi, mwambie mimi nilianguka sana na niko hapa naandika.

Darubini

Wakuu, mimi nafanya kazi na wenye uoni hafifu, naona mjadala umekaa kwa wasioona kabisa tu. Wengi wa watoto mnaowaita hawaoni, wanaona kitu. Mwalimu, wa pili na wa tatu ndio watakaokusumbua zaidi kuliko wa kwanza.

Kwanza acha kutegemea lebo. Shirika la Afya Duniani linahesabu uoni chini ya 6/18 (yaani lazima asogee mpaka mita 6 kuona kile mwenye macho mazima anachokiona kwa mita 18) kuwa ni hafifu na chini ya 3/60 kuwa ni upofu. Michezoni wanagawa B1, B2, B3, kuanzia asiyeona kabisa au karibu kabisa mpaka anayeona zaidi. Ni sawa kwa kupanga makundi, lakini watoto wawili wenye B3 wanaweza kuwa tofauti kama mbingu na ardhi uwanjani. Mmoja anaona pote lakini kwa ukungu. Mwingine anaona vizuri katikati tu, kama anachungulia kwenye bomba. Wa bomba atasoma ubao halafu ajikwae kwenye benchi, na watu watasema anajifanya.

Mtoto wako mwenye ualbino: mwanga mkali unamuumiza, na macho huwa yanachezacheza yenyewe. Usimpime mchana jua likiwa linampiga usoni. Jua liwe mgongoni kwake, kofia yake aivae, miwani yake aivae. Ukimwona anageuza kichwa upande kuangalia mpira, tafadhali usimwambie "tazama mbele". Kuna pembe ambayo macho yake yanatulia, na ameshaijua mwenyewe. Mpira uwe na rangi inayopingana na nyuma yake. Mpira wa njano mbele ya ukuta mweupe huoni kitu. Mbele ya pazia la buluu iliyokolea unauona. Ukubwa wa mpira usiuguse bila kuandika.

Wa tatu, mwenye uoni ulioathirika kwenye ubongo, ndiye mgumu. Wengi wao wanapoteza eneo la chini la uoni: mpira ulio miguuni haupo kabisa, ulio kifuani upo. Halafu baadhi wanaona kitu kinachosogea vizuri kuliko kilichotulia. Kwa hiyo anaweza kuupiga mpira unaoviringika akashindwa uliosimama, ukadhani anakutania. Sakafu yenye mistari mingi ya viwanja tofauti inamchanganya. Watu wengi kelele nyingi, uoni unashuka. Akichoka, unashuka. Mpime asubuhi, chumba kitupu, stadi chache, mpumzishe, urudi siku nyingine. Alama za siku moja za mtoto huyu msizibebe kama msahafu.

Na jambo la mwisho ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza: pata taarifa ya macho kabla hujamrusha mtu. Mwenye hatari ya retina kubanduka, mfano mwenye miopia (kutoona mbali) kali sana, kuruka na kutua kwa kishindo au kupigwa mpira kichwani kunaweza kummaliza kabisa uoni aliobaki nao. Mwenye glakoma (presha ya macho) asiwekwe kichwa chini miguu juu. Hili halina mjadala, daktari wake ndiye anasema ruksa.

Takwimu_Kavu

Darubini, shukrani, hayo ya taarifa ya macho yangetakiwa kubandikwa juu kabisa ya uzi.

Niseme nilichobadilika na nisichobadilika. Nimekubali kwamba kigezo cha kurusha na kigezo cha kudaka havipimi kitu kimoja kwa mtoto asiyeona. Nimekubali pia kwamba kumwonyesha kwa vitendo mtu asiyeona si "kufuata utaratibu", ni kuuruka. Lakini naona hatari nyingine humu ambayo hakuna aliyeigusa: alama za huruma. Mtoto asiyeona akiruka kidogo tu, ukumbi mzima unapiga makofi, na mpimaji anaandika 1 mahali ambapo mtoto anayeona angepewa 0. Baada ya miaka mitatu mtoto huyo ana karatasi nzuri na hajafundishwa kuruka.

Dawa ninayoijua ni video. Rekodi, watu wawili watoe alama kila mmoja peke yake bila kuonana, kisha linganisheni. Mkipishana sana kwenye kigezo, ama hamjakielewa ama mmoja wenu anatoa zawadi. Ruhusa ya wazazi ya kurekodi ipatikane kwanza.

Pia nauliza: vipi kuhusu kusawazisha mwili? TGMD haina sehemu hiyo.

Tiba_Viungo

Kweli haina. Wengi wanaongeza kipimo kingine cha mwendo, Movement ABC-2, cha mwaka 2007, cha miaka 3 hadi 16. Kina sehemu tatu: ustadi wa mikono, kulenga na kudaka, na kusawazisha mwili. Matokeo yake yanapangwa kwa rangi za taa za barabarani, nyekundu kwa walio kwenye asilimia 5 za chini.

Kwa watoto wetu ile sehemu ya mikono na ya kulenga imejaa macho, sijumlishi kabisa. Kusawazisha naiangalia kwa makini, kwa sababu ndipo unapojifunza kitu. Kusimama kwa mguu mmoja kunategemea macho, masikio ya ndani, na hisia za viungo kwenye kifundo na goti. Ukifumba macho wewe mwenyewe utayumba. Huyu mtoto hana nguzo hiyo moja daima, kwa hiyo kumlinganisha na anayeona aliyefumbua macho ni kumwonea. Zile hatua za kisigino kugusa vidole kwenye mstari, naweka uzi mnene chini ya utepe ili ausikie kwa unyayo, na naandika kwamba niliweka.

Akishindwa kusimama kwa mguu mmoja hata kidogo, naangalia kama anajua anachotakiwa kufanya na mikono na kiuno. Wengi hawajawahi kumwona mtu akisimama kwa mguu mmoja. Hawajui kwamba mikono inatanuka pembeni kusaidia. Ukimwambia tu "tanua mikono", unashangaa anasimama.

msomaji_tu

Hapo kwenye mikono nimepata somo. Hatujui ni mangapi tumejifunza kwa kuangalia tu bila kufundishwa.

Mwl_Uwanja

Wakuu mmenifungua macho (FimboNyeupe nisamehe kwa huo usemi).

FimboNyeupe

Umesamehewa. Mimi mwenyewe nasema "tutaonana kesho".

Mwl_Uwanja

Haya, tuje kwenye ofisi. Fomu ina safu moja: jina, umri, alama. Niandike nini?

Tiba_Viungo

Kwenye safu andika "tazama maelezo", kisha ambatanisha ukurasa. Kwa mtoto wa kwanza mimi ningeandika hivi, kwa mfano:

*Kurusha kupitia juu ya bega: vigezo 3 kati ya 4 katika majaribio yote mawili. Maelekezo kwa maneno, kisha alimgusa mwonyeshaji mara moja kabla ya jaribio la mazoezi. Mpira wa kawaida, mwitaji nyuma ya shabaha. Kilichokosekana: hageuzi kiuno na bega. Kukimbia: vigezo 3 kati ya 4, kwa kufuata mwito, baada ya kuuzoea uwanja. Kilichokosekana: mguu wa nyuma haukunjiki vya kutosha. Kudaka: hakupimwa kwa utaratibu wa kawaida. Alipokea mpira wa kengele ulioviringishwa sakafuni kutoka mita tatu. Mikono ilitangulia mbele ya mwili, aliukamata mara zote mbili. Haikujumlishwa kwenye alama.*

Mwalimu atakayempokea mwakani akisoma hapo anajua aanzie wapi: kiuno na mguu wa nyuma.

Takwimu_Kavu

Ongeza mstari mmoja: "Alama hizi zisilinganishwe na jedwali la umri. Zilinganishwe na za mtoto huyuhuyu zikichukuliwa kwa masharti hayahaya." Na masharti yaandikwe kwa ukamilifu, mpaka saa na mwanga. Bila hivyo muhula ujao atapewa mwito badala ya kamba, alama zipande, mseme amepiga hatua.

Mwl_Uwanja

Naiongeza. La mwisho: nianze na stadi ipi?

FimboNyeupe

Zile anazofanya akiwa amesimama palepale. Kurusha kwa chini, kurusha kwa juu, kuruka mbele kwa miguu miwili. Akishakuamini ndipo mwende kukimbia na kwenda kiubavu. Zinazotaka kufuata mpira ziwe za mwisho, na usimalize siku kwa aliyoishindwa.

Mwl_Uwanja

Sawa kaka. Uwanja ninao, wa kuita ninaye, kamera ya simu ninayo. Mpira wa kengele ndio sina.

Kengele12

Chukua mpira wa kawaida uuvalishe mfuko wa plastiki unaochakacha, ufunge barabara usilegee. Utausikia ukiviringika. Kwa kudundisha haufai, plastiki inaua mdundo. Huko tumia mpira wa kawaida unaodunda kwa nguvu kwenye sakafu ngumu, mdundo wenyewe ni sauti ya kutosha.